Maji ya Rejeta ya Owino Yanakwenda Wapi?

Noah ya Owino ilikuwa inakunywa maji kama mgonjwa wa sukari. Ukiijaza rejeta asubuhi pale Masese, Jinja, ikifika Namutumba mshale wa joto umeshapanda na gari linachemsha. Na chini ya gari, jamani, hata tone! Mipira mikavu, rejeta kavu, pampu kavu. Owino alilala chali kando ya barabara ya Tirinyi mara nyingi hata madereva wakamzoea, wakawa wanampigia honi za salamu.

Tena halikuwa gari la matembezi. Nyuma kulikuwa na samaki wa mkewe, Wilkista, ngege na sangara kwenye masanduku ya barafu, wakipelekwa sokoni Nakaloke, mbele kidogo ya Mbale. Wenyewe wawili walitoka Kenya zamani, wakaanzisha maisha Masese pale ziwani, na kazi yao ilikuwa hiyo moja: mume anaendesha, mke anauza. Gari likisimama, barafu inayeyuka. Barafu ikiyeyuka, wanunuzi wa Nakaloke wanafunua mashavu ya samaki, wanakunja pua, wanakwenda zao.

Mafundi ndio usiseme. Wa Jinja alibadilisha rejeta. Mukama wa Iganga akaapa ni pampu, akaitoa, akatia nyingine. Wa Mbale, mwenye maneno mengi kuliko spana, akasema, "Bwana, hii ni gasketi, maji yanaungulia ndani ya injini." Akafungua injini nusu nzima, akaifunga, na safari iliyofuata gari likachemsha palepale Namutumba. Owino alilipiga boneti ngumi mpaka mkono ukavimba.

"Maji yanakwenda wapi? Yanapaa mbinguni?"

Wilkista naye alikuwa na lake. Yeye alikaa mbele, kushoto, na zulia la pale chini halikukauka hata siku moja. Alifikia kuifunga miguu yake kwa mifuko ya plastiki.

"Baba Natasha, miguu yangu inaloa."

"Ni barafu yako hiyo. Nimekwambia ufunge masanduku vizuri."

"Barafu iko nyuma. Na haya maji ni ya uvuguvugu."

"Barafu ya uvuguvugu! Mama Natasha, gari inataka kuniua hapa, wewe unaniletea habari za miguu?"

Hata kioo cha mbele kilipojaa ukungu Owino alisema ni baridi ya samaki, akakifuta kwa kitambaa, akakanyaga mafuta. Kwani gari la samaki lisilolowa umeliona wapi? Wilkista alirudia, akajibiwa vilevile, akarudia tena, mwisho akanyamaza.

Kisha mzigo mzima ukaharibika kando ya mashamba ya mpunga, jua la utosi. Wilkista aliwamwaga samaki mtaroni mwenyewe, akanawa mikono.

"Kesho napanda na Muhamad," akasema. Muhamad alikuwa dereva mwenzao wa Masese, mwenye pikapu kuukuu.

Loo! Mke wako, samaki wenu, gari la mtu mwingine, na Masese nzima inatazama! Owino akaapa atalitafuta tundu hilo mpaka alipate, gari lipone, mkewe arudi kitini pake. Akaliosha gari lote, akaanika zulia juani likakauka kabisa.

Katikati ya kuhangaika hivyo alipata kazi ya kupeleka viti vya harusi Nkoma, kule Mbale. Mbele aliketi mzee wa kanisa, Yekosofati, suti safi na viatu vinang'aa. Hawajafika hata Iganga, mzee akashtuka.

"Bwana, gari yako inanilowesha soksi."

"Samahani sana, mzee wangu!" Owino akasimamisha gari papo hapo. Akazunguka mbio, akapiga magoti, akainua zulia. Nyuma ni viti vya plastiki tu. Samaki hakuna, barafu hakuna. Akagusa: maji ya uvuguvugu, yana kutu ya rejeta. Akayafuata kwa vidole mpaka chini ya dashibodi, kwenye hita, kile kirejeta kidogo cha kupasha joto ndani ya gari, ambacho kwa joto hili letu nani anakiwasha? Kimetoboka, kinavujia mlemle ndani.

Akacheka peke yake, kisha akakumbuka ile mifuko ya plastiki. Miezi yote ile maji yalikuwa yanamwagikia miguuni mwa mkewe.

Akangoja injini ipoe, akachomoa mipira miwili ya hita, akaiunganisha kwa kipande cha bomba, akajaza maji. Wakafika Nkoma mshale umetulia. Alishusha viti harakaharaka na kukimbilia Nakaloke bila kula.

Alimkuta Wilkista sokoni akifuta meza.

"Mama Natasha, nimepata! Ni hita! Gari imepona, njoo twende." Akaeleza yote, mikono ikiruka, pamoja na mzee na soksi zake.

Wilkista alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mzee alikwambia mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Na ukasimama."

Owino alitaka kusema mzee alikuwa mteja, akaona hilo ndilo baya zaidi.

"Nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe. Jioni nitapika, tutakula." Akainua masanduku matupu, akayapandisha kwenye pikapu. "Lakini Muhamad nikimwambia kitu, anasimama."

Owino aliwafuata nyuma njia nzima mpaka Jinja, na gari halikuchemsha hata mara moja.