Katika Maharage ya Watu

Serikali ilipofungulia biashara ya bidhaa za nje, nilinunua kamera ya mtumba sokoni Lushoto, na mashindano ya magari yalipopita njia ya Mlalo nikaenda kupiga picha. Gari la mbio halisubiriwi. Unalifuata kwa kamera tangu likiwa mbali, likikufikia ndipo unabonyeza. Kwenye kona niliyosimama nikawa narudi nyuma ili lienee lote pichani.

Vumbi lilipotulia, nikajikuta nimesimama katika maharage machanga. Mwenye shamba, niliyemfundisha Kurani utotoni mwake, alikuwa ananitazama.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba,” nilijibu kwa sauti ndogo.

“Piga tu, mwalimu. Magari mengine yanakuja.”

Namshukuru Mungu kwa adabu yake, lakini afadhali angenifokea. Nikainama kuinua miche. Mingi ilikuwa imekatika.