Mkono Mmoja wa Ukuta

Kazi yangu hapa Dubai ni kupaka rangi kuta za kumbi za sanaa kabla ya maonyesho, na hakuna kinachonichefua kama kazi ya nusunusu. Kwa hiyo siku wachoraji Wayahudi wanaoishi hapa walipokuwa wakitundika picha zao, nikaona kiraka cha saruji tupu mkabala na mlango, kimenikodolea macho. Nikanyanyua rola.

"Acha hapo," akasema mchoraji mmoja, mwanamke aliyepakaa buluu hadi kwenye nyusi. "Nimekikwangua mwenyewe."

"Madam, watu watasema fundi hajui kazi!"

Akacheka. Akanieleza kwamba kwao mtu akijenga nyumba huacha sehemu ya ukuta bila plasta, kukumbuka hekalu lao la Yerusalemu lililobomolewa zamani sana. Nikazidi kumchimba. Sehemu kubwa kiasi gani? Akalaza mkono wake ukutani, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole: mkono mmoja, kama walivyopima wazee wetu. Na wageni wakikiona? Watauliza, akasema, kama unavyouliza wewe.

Jioni, nikiwa chumbani kwetu mtaa wa Deira, hapahapa Dubai, nilimpigia simu kaka yangu anayesimamia ujenzi wa nyumba yetu Tanga. Nikamwambia kwenye ukuta unaotazama mlango, mafundi waache mkono mmoja bila plasta.

"Una wazimu? Watu watatucheka."

"Waache wacheke, kaka. Mama alifariki bila kuiona nyumba hii."