Afadhali ya Bi Sindano

Fundi cherehani huyu, ukiingia dukani kwake, alikupima kiuno kwa jicho kabla hujavua koti. Wateja walimwita Bi Sindano, na si kwa kazi yake tu. "Kitambaa hakijasinyaa, mwanangu," angekwambia, pini mdomoni, "wewe ndiye umenawiri." Lakini kwa mwanawe wa pekee, loo, hakuwa na ulimi wa kumchoma.

Kijana alikwenda ng'ambo, akaoa huko mke asiyejua Kiswahili hata salamu. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ilipoingia, Bi Sindano akasema safari hii mkwewe atamsikia mwenyewe, hataki mkalimani. Akajiunga na darasa la Kiingereza la watu wazima, akakaa benchi la mbele na miwani yake ya kutungia uzi.

Siku ya somo la kutoa ushauri, mwalimu aliandika ubaoni: "must" ni lazima, "should" ni inapasa, "had better" ni afadhali. Bi Sindano akaguna. Lazima? Kwani yeye askari? Inapasa nayo ilinuka mama mkwe. Afadhali ndilo neno la anayekupenda: afadhali ukae, afadhali unywe chai kwanza. Akalichagua hilo, maskini wa Mungu, akalifanyia mazoezi huku anapiga pasi mpaka akaunguza kola ya mtu.

Jumapili akajirekodi kwenye simu, akatuma. Moyoni alikuwa anasema: afadhali upumzike, mwanangu, usije ukaipoteza na hii. Mdomoni yakatoka haya: "You had better rest. You had better not lose this one." Akashinda anacheka peke yake. Akaanza kushona kigauni cheupe, mishono ameificha ndani isimkwaruze mtoto.

Haukupita muda, mimba ile nayo ikatoka.

Mwanawe akapiga. Hakusalimia. "Mama, kwa nini ulimtishia mke wangu?"

"Nimtishie mimi? Nilimwambia afadhali—"

"Ulimwambia asithubutu kuipoteza! Kila siku anairudia ile sauti yako, analia."

Simu ikakatwa. Bi Sindano akaenda mbio darasani, sentimita ya kupimia nguo bado shingoni, akamchezea mwalimu ile sauti. Mwalimu akainamisha kichwa. Kumbe neno lile kwa wenyewe lina meno: fanya hivi, la sivyo utakiona cha mtema kuni.

"Hilo nilikuwa nimeliweka somo lijalo," akasema.

Somo lijalo, jamani! Bi Sindano akaketi kwenye benchi lake la mbele akalia kwa sauti, mbele ya wanafunzi wenzake, wala hakujali. Alimpenda yule msichana. Hakuwa amemwona hata siku moja, na alimpenda.

Akamwomba mwalimu amfundishe kuomba radhi tu, basi. Alipoyashika maneno, akapiga. Akapokea mwanawe.

"Baba, nipe niseme naye neno moja. Nimejifunza vizuri sasa."

Kwa mbali alisikia mwanamke anapenga kamasi.

"Mama," mwanawe akasema, polepole, kwa Kiswahili alichomnyonyesha yeye mwenyewe, "afadhali usipige tena."

Neno hilo alilielewa bila mwalimu. Akaweka simu chini, akachomoa sindano kwenye pindo la kigauni, akairudisha kwenye kijaluba chake.