Mama Alibaki Mlangoni

Enzi zetu kule Kimali, utamu wa msimu wa pamba ulikuwa chumbani. Baba akishakijaza pamba hadi dirishani, sisi watoto tulipanda juu kuikanyaga ishuke, tukiruka na kuangukia matumbo, huku shangazi zetu wakiruka nasi na kuimba Kisukuma. Tulitoka na nywele nyeupe kama vikongwe, tukapewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Watoto wa siku hizi wakipanda wanaruka mara moja, wakishapigwa picha wanaulizia chaja.

Mama peke yake alibaki mlangoni. "Kanyageni ninyi," alisema. Kanisani alikaa benchi la mwisho. Harusi ikija, kichwa kilimuuma. Shambani hakunywa maji mpaka jioni, na jua lile la kwetu mnalijua. Wifi zake walisema anaringa. Siku moja shangazi alimvuta mpaka juu ya pamba. Mama akaruka, akacheka, ghafla akaacha kuruka. Alishuka, akajifunga kanga ya pili, akaenda kisimani. Hakupanda tena.

Nilikuja kumwelewa nilipozaa mtoto wa tatu. Nikikohoa tu, mkojo unatoka. Nikajikuta nami natafuta benchi la mwisho, na hapo nikakasirika. Nilipanda basi hadi hospitali Bariadi. Muuguzi alinipima, akanifundisha kubana na kuachia misuli ya chini kila siku, akasema wengi hupata nafuu. Nikaenda moja kwa moja kwa mama, nikamweleza yote.

"Mayu," nilimwambia, ndivyo tunavyowaita mama zetu, "na wewe ni hili?"

"Tangu nikuzae wewe," alijibu, akitazama chini. "Pamba iliyolowa hainunuliwi. Ningeiharibu, mngekula nini? Bibi yako alisema mwanamke anavumilia."

"Umevumilia inatosha. Kesho tunaenda wote."

Alibisha, nami nikabisha zaidi. Tulikwenda, tukarudi tena na tena. Hajapona kabisa, ila sasa anakunywa maji shambani, na msimu huu alivua kandambili akapanda juu ya pamba pamoja na wajukuu. Nililia waziwazi.

Enzi zetu nyumba ilijaa watu na nyimbo. Shangazi wale wamekwisha kuzikwa, na vijana hawajui hata ubeti mmoja. Siku ile juu ya pamba, mama alianza kuimba, wimbo baada ya wimbo, bila kukosea neno. Alizijua zote. Miaka yote ile alikuwa akizisikiliza pale mlangoni.