Duka Linamwita Marehemu Mke wa Mume Wangu Kila Ijumaa

Admin, jina langu usilitoe, maana hapa Wamagana tunajuana hadi ng'ombe. Nina miaka thelathini na nne. Niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke wake wa kwanza, Nyambura, na tuna mtoto mmoja, Kamau. Mume wangu halewi, hanipigi, majani chai tunachuma pamoja. Lakini namwonea wivu mtu aliye kaburini, na wivu huo unanimaliza.

Nyambura alipenda nguo. Duka moja mjini Nyeri lilipomuuliza email, alitoa ya mumewe kwa sababu hakuwa na yake. Basi kila Ijumaa linamwandikia: "Nyambura, mrembo wetu, tumekukosa. Magauni mapya yamefika." Mume wangu huifungua akinywa chai, akaisoma polepole. Hajafuta hata moja.

Nilimwonyesha pale chini pa kubonyeza ili wasitume tena.

"Hiyo wachana nayo, Mama Kamau. Inakusumbua na nini?"

"Ati mwanaume mzima unasoma matangazo ya magauni?"

Akachukua ndoo akaenda kukamua, na ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ni Mama Kamau tu. Najua ndiyo desturi yetu, lakini jina langu hajalitamka tangu mtoto azaliwe. La Nyambura analitazama kila wiki.

Juzi nikasikia redioni kwamba mteja ana haki ya kuagiza habari zake zifutwe. Nikapigia duka simu, nikawatajia jina la Nyambura na ile email. Msichana akaniambia, "Tunaweza kufuta yote, madam, na ikifutwa hairudi. Lakini lazima aombe mwenyewe. Wewe ndio Nyambura?"

Wivu ukanijibia: "Ndio, ni mimi."

"Asante sana, Nyambura. Tunakutumia email, ubonyeze kukubali."

Alilitamka kwa upole hadi machozi yakanitoka. Miaka yote hii hakuna aliyeniita kwa jina namna hiyo, na siku nimeitwa, jina si langu.

Email imeingia. Mume wangu yuko shambani, simu yake ninayo mkononi. Nikibonyeza, Ijumaa atakaa na kikombe chake akingoja, na mimi nitakuwa nimeketi hapo hapo mbele yake.

Ndugu zangu, nishaurini bila matusi. Nibonyeze? Au nimwache Nyambura aitwe, na mimi nimwambie mume wangu ninaitwa nani?