Nilimtoa Dada Yangu Nipate Sare

Mnitukane tu, sitajitetea. Nilifanya kitu kichafu, na hakuna aliyenituma.

Hapa Makongeni mimi ndiye namba moja wa chesi. Ukiingia holi ya mtaa, jina langu liko juu kabisa ubaoni. Wee, vile nilivyokuwa nikitembea kifua mbele!

Raundi ya mwisho ya mashindano nikapangiwa Odongo, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mkiani kabisa ubaoni, ila safari hii alikuwa ameshinda raundi zote. Nilijua nitammaliza kabla chai haijapoa. Tena ndiye kijana aliyekuwa akitaka kumwoa dada yangu. Baba alishafariki, jibu lilikuwa kwangu, na nilikuwa nikimzungusha tu.

Lo! Jamaa akanikamata. Akala farasi wangu wote, akambana mfalme wangu kwenye kona, watu wakaanza kusogea mezani kwetu wakinong'ona. Akishinda, yeye ndiye anaingia timu ya mtaa ya kwenda kucheza Mombasa, badala yangu. Mimi sare ilinitosha.

Nikainama kama mtu aliyeangusha kalamu, nikamwambia polepole: "Tumalize sare, halafu Jumapili ulete wazee wako nyumbani."

Akaniangalia. "Kweli, shemeji?"

"Kweli."

Akanipa mkono. Watu wakanipigia makofi mimi, ati nimejiokoa kibingwa! Na mimi nikawapungia. Ptuu!

Odongo, kwa furaha yake, alimsimulia dada yangu yote. Dada akanyamaza mpaka Jumapili. Wazee wakaja na suti zao, mama akapika kuku na chapati, soda zikafunguliwa. Dada akatoka jikoni, akasimama katikati yetu.

"Kaka, waeleze wageni umenitoa kwa sababu gani."

Nikajifanya nawamiminia wazee soda. Odongo akatazama viatu vyake.

"Basi nitaeleza mwenyewe." Akaeleza, bila kuacha kitu. Kisha akamgeukia Odongo: "Na wewe ukakubali. Rudini nyumbani."

Alikuwa akimpenda, hiyo najua vizuri. Mama alilia sahani zikiwa bado mkononi. Siku hizi dada anakaa kwa rafiki yake mtaani Donholm, na mimi niko kwenye timu. Nikiuona ule ubao wa chesi nageuza uso. Najichukia, aki!

Ndugu zangu, ukizidiwa, kubali umezidiwa! Mwambie mwenzako amekushinda, uende nyumbani ukalale. Usimtoe mtu wenu kwa sababu ya sifa za holini.

Jana nilimwona dada kule Jogoo Road, nikamwita kwa jina. Akavuka barabara, akaenda zake.