Uwanja wa Mwanahawa na Mawingu ya Chinyambwe

Hebu mwone anavyokuja. Ni Jumamosi ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, na jua limeshakaza. Kwenye njia ya vumbi inayotoka Bahi kuingia kijiji cha Chinyambwe kuna guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi la mizigo. Juu ya bodi kuna mabomba mekundu, wavu uliokunjwa kama mkeka, gunia la raketi, na mwanamke aliyekalia gunia hilo, kaung'ata mtandio wake kwa meno usipeperuke. Zamani raba zake zilikuwa nyeupe. Bado yuko mbali, lakini ameshaanza kutabasamu. Ndivyo alivyo. Hutabasamu mapema ili akifika watu wawe wameshamzoea.

Anaitwa Mwanahawa, ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa milimani huko Kondoa, nyuma ya nyumba ya bibi yake kulikuwa na chemchemi iliyotoka mwambani, na kwao maji yalikuwa kitu cha kuchota, kumwaga na kuchota tena. Nakuomba ulijue hilo, maana ndilo lililomponza.

Alishuka Dodoma akiwa na miaka kumi na minne, kufanya kazi za ndani. Nyumba ya kwanza alilala jikoni. Ya pili hakulipwa kabisa. Alipopata kazi ya kufagia uwanja wa tenisi wa klabu moja ya mjini alijiona ameokoka. Alifagia miaka sita. Mchana mabwana wakienda kula, yeye alichukua raketi iliyokatika nyuzi mbili akapiga mpira ukutani mpaka wakirudi. Siku moja bwana mmoja alikosa mwenzake wa kucheza, akamwita: "Mama mfagizi, hebu shika hii, unirudishie tu mipira." Akamrudishia. Seti mbili. Yule bwana hakuonekana klabuni wiki nzima.

Basi akawa kocha wa watoto. Na chama cha mchezo kilipopata uwanja wa kubebeka, ili tenisi ifike kwa watu ambao hawajawahi kuiona, viongozi waliulizana nani ataupeleka vijijini. Wote wakainamia simu zao. Mwanahawa akanyoosha mkono.

Uwanja wenyewe husimama kwa dakika ishirini. Mistari ni mikanda ya mpira ya njano, unaitandaza ardhini. Nguzo ni mbili, na kila moja ina mguu mpana wa plastiki, mtupu ndani kama dumu. Unaujaza maji lita arobaini, nguzo haiyumbi hata upepo wetu huu wa Dodoma uje na hasira zake. Ukimaliza unamwaga maji, unakunja, unaondoka.

Siku hiyo ya kwanza maji aliyaomba kijijini. Aliyeitikia ni Zipora, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, akaja na wenzake watatu, kila mmoja na ndoo kichwani. Hawakusema wameyatoa wapi. Watoto walicheza mpaka jua likapoa, na kati yao alikuwapo binti wa Zipora, Anyesi, aliyekuwa amemaliza darasa la saba mwezi uliopita. Alipiga kwa mkono wa kushoto, na mpira wake ulikwenda pale alipotaka uende. Mwanahawa alimtazama kwa muda mrefu.

"Dada," alimwambia Abbasi, dereva wa guta, "umemwangalia huyo mtoto kama anakudai mahari."

"Nyamaza, Abbasi. Huyu ni mchezaji."

Kisha akainama, akang'oa vizibo viwili. Maji yakatoka, yakatambaa mavumbini, yakapotea. Kelele za watoto zikakatika. Zipora alisogea hatua moja akasimama.

"Mwalimu, hayo maji..."

"Usijali, mama Anyesi. Siku nyingine tutachota mengine."

Zipora aliokota ndoo yake. Njiani Abbasi ndiye aliyemweleza: kisima kiko kwenye mchanga wa mto mkavu, mwendo wa saa mbili, na wanawake huondoka alfajiri. Mwanahawa aliziba mdomo kwa kiganja mpaka Bahi.

Akaamua kurekebisha. Mara ya pili, katikati ya mwezi wa kumi na moja, alikuja na maji yake kutoka mjini, madumu manne. Alikuwa ameyatia jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, yasiote ukoko ndani ya plastiki. Kufika tu, wanawake wakamzunguka na ndoo, wanacheka, wanamshukuru.

"Hapana, hapana, mama zangu. Haya si ya kunywa. Yataumiza watoto."

"Maji gani yanaumiza watoto?" aliuliza mmoja.

"Tupe tufulie basi," alisema mwingine.

"Nikiwapa, nguzo zitaanguka."

Walirudi na ndoo zao tupu. Alasiri ile mawingu yalikuja kutoka mashariki, meusi, mazito, ya kwanza msimu huo. Watu walitoka nje, bibi mmoja akaweka beseni chini ya bati. Upepo ukaja. Mawingu yakasimama kidogo juu ya kijiji, kisha yakagawanyika na kwenda zao. Mtu mmoja aliyeegemea ukuta wa duka alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yamekuja, yameuona ule wavu, yamerudi." Anyesi aliusikia msemo huo, akaukosa mpira kwa mara ya kwanza siku ile.

Mara ya tatu Mwanahawa hakuja na tone. Alikuja na magunia matupu, akayajaza mchanga pale pale uwanjani, akayalaza juu ya miguu ya nguzo. Alifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu. Jioni, kwa kuwa kesho yake alikuwa na watoto wa Chamwino na huko udongo ni mgumu kama saruji, akamwambia Abbasi ayapakie magunia yale.

Mwenyekiti wa kijiji, Mazengo, alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake akitazama. Si mtu mbaya, naomba umwelewe. Mwezi huo alikuwa amezika ng'ombe sita.

"Kocha, udongo wetu unaupeleka wapi?"

"Nauazima tu, mwenyekiti," alisema Mwanahawa akicheka. "Nitaurudisha ukiwa umesafiri."

Hakucheka mtu. Mazengo aliwasha pikipiki, akaizima, akaiwasha tena, akaondoka bila kuaga.

Sasa tufike kwenye mara ya nne. Chama kilikuwa kimepata nafasi ya masomo katika shule ya bweni, nafasi moja tu, kwa msichana atakayeshinda mchujo wa Jumatatu mjini. Mwanahawa alikwenda Chinyambwe siku ya Ijumaa kumchukua Anyesi. Hakubeba uwanja. Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili, mashamba yalikuwa yamelimwa yakapasuka kwa kungoja, na guta lilipoingia kijijini hakuna mtoto hata mmoja aliyelikimbilia.

Watu wapatao sitini walikuwa wamesimama mbele ya ofisi ya kijiji. Zipora alikuwa pembeni na mfuko mdogo wa nguo. Anyesi alikuwa nyuma yake.

"Mbukwenyi," alisalimu Mwanahawa kwa Kigogo.

Hawakuitikia. Mahali ambapo hata waliotukanana asubuhi huitikiana jioni, hawakuitikia. Aliposikia guta halingurumi tena nyuma yake alijua Abbasi amezima, na kwamba mtu ameshachukua ufunguo.

Mazengo alivua kofia. "Kocha, hatutaki kukupiga. Nalisema mbele ya watu wote, wasikie wao, usikie na wewe. Tunataka jambo moja. Iachie mvua."

"Shikamoo, mwenyekiti. Mimi mvua naijulia wapi?"

"Siku ya kwanza ulimwaga maji yetu. Ya pili ukaja na yako, ukawanyima wake zetu. Ya tatu ukapakia udongo wetu ukaenda nao. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungesemaje?"

Mwanahawa alifungua kinywa. Alikuwa na majibu yote: plastiki, jiki, upepo, Chamwino. Lakini alipoyapanga kichwani, kwa mara ya kwanza aliyaona kama wanavyoyaona wao, na yalikaa sawasawa, bila tundu la kupenyea.

"Asiposema, guta halitoki!" ilipigwa kelele nyuma.

"Na yeye mwenyewe je, atatoka?" aliuliza mwingine.

Abbasi alimsogelea sikioni. "Dada, sema. Ni maneno tu. Nina watoto, ujue."

"Nikisema naiachia, nimekubali kuwa niliizuia."

"Na usiposema?"

Ndipo Zipora alipotoka pembeni. Alizungumza polepole, kana kwamba wako wawili tu. "Mwalimu, mimi najua hukuzuia kitu. Lakini shule ya kata iko kilomita kumi na saba, na ndani hamna mahindi. Huyu akibaki, mwezi wa kwanza anakwenda mjini kufanya kazi za ndani. Mwenye kumchukua ameshakuja kumwona. Sema tu, mwanangu aende."

Anyesi alikuwa na miaka kumi na minne. Mwanahawa alimtazama, akakumbuka jiko la nyumba ile ya kwanza, sakafu yake, na panya wake.

"Mimi Mwanahawa," alisema, "naiachia mvua."

Umati ulishusha pumzi kwa pamoja, na pumzi ile ilimtisha kuliko kimya cha kwanza.

"Itachukua siku ngapi?" aliuliza Mazengo.

Hilo hakuwa amelifikiria. Asubuhi redioni alikuwa amesikia kwamba mvua zinatarajiwa kanda ya kati ndani ya wiki. "Siku saba," akasema.

"Siku saba. Vizuri. Binti mchukue." Mazengo alivaa kofia yake. "Mama yake atabaki. Asivuke mpaka wa kijiji mpaka tuone. Yeye ndiye aliyekupa maji ya kwanza, na yeye ndiye aliyekuombea sasa hivi. Basi atakungojea pamoja na sisi."

"Nitabaki," alisema Zipora. "Kwani nina pa kwenda?" Akampa binti yake mfuko, akamrekebisha kola ya sweta, akamsukuma kidogo mgongoni kama anayemharakisha shuleni.

Jumatatu Anyesi alicheza. Wasichana kumi na mmoja walikuja na viatu, yeye akavaa raba za Mwanahawa, zimejazwa vitambaa kwenye vidole. Alipiga kama mtu aliyeambiwa asitazame nyuma. Jumanne jina lake lilibandikwa ukutani. Mwanahawa alilisoma mara tatu, kisha akatoka nje akatazama juu. Anga lilikuwa jeupe, safi, kama sahani iliyooshwa.

Jumatano redio ilisema mvua zimesogea mbele, labda mwisho wa mwezi. Alikwenda kwenye ofisi moja ya serikali mjini kueleza yote, akasikilizwa kwa adabu. "Mama, kuna aliyeguswa?" "Bado." "Sasa sisi tuandike nini?" Akampigia Mazengo simu.

"Mama Anyesi hajambo?"

"Hajambo. Anahesabu siku kama sisi tunavyohesabu."

"Mwenyekiti, nilisema vile kwa sababu mliniambia niseme."

Mazengo akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu tu, "Kocha, usiniambie hilo. Mimi nimewaambia watu uliizuia na umeiachia. Nikiwaambia leo kwamba hukuwa nayo, wataniuliza kwa nini nilikuruhusu uondoke." Simu ikakatika. Tangu hapo haipatikani.

Leo ni Alhamisi, siku ya sita. Abbasi amekataa safari. Amesema guta ni bovu, na wote wawili wanajua si bovu. Mwanahawa ameshapata bodaboda wa kumpeleka kesho alfajiri, lakini atakwenda peke yake, na hajui aende kusema nini. Akisema alidanganya, wataona amewacheza, na aliyemsihi adanganye ni Zipora. Akiomba siku saba nyingine, atakuwa amekubali tena, na Zipora atakuwa dhamana tena. Asipokwenda kabisa, watakuwa na jibu walilolitaka tangu mwanzo, kwamba mvua aliizuia yeye.

Anyesi amekaa mlangoni, anafunga kamba za raba zilizo kubwa kwake. Shule inafungua mwezi ujao. Hajalia tangu Ijumaa. Jana usoni mwake kulikuwa na swali, na leo mchana, wakati Mwanahawa anasonga ugali, amelitoa.

"Mwalimu, kesho ukifika na mvua haijanyesha, watakuuliza wewe au watamuuliza mama?"

Mwiko umesimama sufuriani. Nje bado kukavu, na upepo unavuma kutoka upande wa Bahi. Msomaji wangu, mtoto anangoja kuambiwa. Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?